Bandama Likirudi, Vidonge Viendelee

Yapo maneno yanayozungumzwa Kasoli na kwingineko Bariadi kuhusu saratani ya damu aina ya mieloidi sugu, na yanagharimu maisha.

Wanasema bandama likivimba ni malaria au kichocho. Mara nyingi ni kweli. Lakini mtu akikonda, akalowa jasho usiku, na seli nyeupe zikazidi 100,000 kwa mikrolita wakati kawaida hazivuki 11,000, hiyo si malaria.

Wanasema ni laana ya ukoo. La. Kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana vipande ndani ya seli ya uboho, kama alivyoonyesha Janet Rowley mwaka 1973. Mtoto harithi.

Wanasema dawa yake ni sumu inayoua kila seli. La. Seli hukua kwa kuamriwa: kichocheo cha ukuaji hugusa kipokezi, kisha vimeng'enya viitwavyo kinasi hubandika fosfati kwenye protini, na amri inapita. Vimeng'enya vingine, fosfatasi, huzibandua, amri inakoma. Edmond Fischer na Edwin Krebs walitunukiwa Nobeli mwaka 1992 kwa kugundua kazi hiyo ya kubandika na kubandua. Vile vipande vya kromosomu vikiungana huzaa kinasi ya BCR-ABL, isiyongoja amri ya yeyote. Hubandika usiku na mchana. Dawa yenyewe, kidonge cha imatinibu kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huziba kishimo ambamo kinasi hiyo hupokea ATP, molekuli inayotoa fosfati. Hugusa kinasi nyingine chache, ndiyo maana kope huvimba na tumbo huchafuka.

Wanasema bandama likirudi ukubwa wake wa kawaida, acha vidonge. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Kinasi haijaondoka, imezibwa tu, na nusu ya dawa hutoka kwenye damu kwa takribani saa 18. Kishimo kikibaki wazi, ATP inaingia na fosfati zinabandikwa upya. Wapo walioacha salama, lakini baada ya miaka ya dawa, vipimo vya jeni vikiwa safi, na daktari akiwafuatilia kwa karibu. Hata hivyo, kwa karibu nusu yao ugonjwa ulirudi.

Wanasema hayo ni matibabu ya matajiri. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, imewapa wagonjwa imatinibu bure kupitia mpango wa shirika la Max Foundation. Wa Kasoli aombe rufaa ya Hospitali ya Bugando, Mwanza, na fedha ya pamba ikiingia, nauli ya kliniki itengwe kwanza, vidonge vikiwa bado vipo.