Risala ya vijana wa Kamina wanaongoja jibu la maombi ya uofisa

Kwa Waheshimiwa wabunge na maseneta wa jimbo la Haut-Lomami. Nakala kwa wazee wa mji, viongozi wa dini na wazazi wetu.

Waheshimiwa, baba zetu na mama zetu,

Sisi tuliotia sahihi chini ya karatasi hii ni vijana wa Kamina, wavulana kwa wasichana, wenye diploma ya serikali, na wachache wetu wana graduat. Tuliomba kuingia mafunzo ya uofisa katika jeshi la taifa. Tulipeleka dosie zetu mahali tulipoelekezwa, tukaambiwa: nendeni nyumbani, mtaitwa. Tangu siku hiyo mahindi yamevunwa mara mbili. Hatujaitwa, hatujakataliwa, wala hatujaambiwa tungoje hadi lini. Ofisi iliyotupokea hatutaitaja jina, maana hatukuja kumchongea mtu. Wenyewe wakisoma watajijua.

Kuna jambo tunalitanguliza kwa sababu likiachwa mwisho halitasikika. Hatudai kukubaliwa. Jeshi lina haki ya kuchagua, na asiyefaa akataliwe. Tunachodai ni jibu. Aliyekataliwa hushika jembe lake, au hupanda treni kwenda Lubumbashi kutafuta kibarua, au hurudi shuleni. Anayengojeshwa hafanyi hata kimoja kati ya hivyo, kwa hofu kwamba jina lake litasomwa siku ambayo yeye ameshavuka Bukama.

Mtatuuliza kwa nini tulichagua kazi hii. Mtoto wa Kamina haelezwi jeshi ni nini. Kituo kikubwa cha kijeshi walichokijenga Wabelgiji baada ya Vita Kuu ya Pili kiko hapa jirani, na ndege zake tumezisikia tangu tukiwa mgongoni mwa mama. Novemba 1964 makomando wa Ubelgiji walitua hapo kabla ya kwenda Stanleyville, mji ambao leo ni Kisangani. Baada ya mapatano ya amani ya Sun City, hapo hapo waliletwa wapiganaji waliokuwa maadui ili wachanganywe wawe jeshi moja, kazi iliyoitwa brassage. Tumekua tukiwaona wanaoingia na wanaotoka. Kisha, tarehe 3 Novemba 2022, Rais wa Jamhuri akawaita vijana wajiandikishe jeshini kwa wingi kwa sababu ya vita vya mashariki. Mwaka 2023 ikaja pia sheria ya jeshi la akiba. Januari 2025 Goma ikaanguka, Februari ikafuata Bukavu. Kila habari ya namna hiyo ilipotoka redioni tulitazamana. Nchi inalia kwamba haina maofisa wa kutosha, na karatasi zetu ziko kabatini mwa mtu.

Hapa turuhusuni tuseme neno chungu kidogo.

Katika nchi yetu kumekuwa na njia mbili za kufikia cheo. Moja ni hii yetu: shule ya msingi, sekondari, Examen d'État, dosie, daktari, mtihani, kisha chuo cha kijeshi, kama kile cha Kananga, kwa wanaobahatika. Nyingine ilipita msituni. Mtu alikusanya vijana na bunduki, akatisha vijiji, serikali ikachoka, ikamwita mezani, naye akatoka na nyota begani. Mwaka 2009 wapiganaji wa kundi la waasi la CNDP waliingizwa jeshini kwa mapatano ya tarehe 23 Machi. Aprili 2012 baadhi yao waliasi, na tarehe ile ile ya mapatano wakaifanya jina lao: M23. Hatuna haja ya kwenda Kivu kutafuta mfano. Wazazi wetu wa Malemba-Nkulu na Kabongo wanaikumbuka miaka ya wanamgambo wa Mai-Mai, walipolala porini na watoto. Kiongozi wao mmoja, Gédéon Kyungu Mutanga, alijisalimisha mwaka 2006, akahukumiwa kifo mwaka 2009, akatoroka gereza la Kasapa mwaka 2011, na Oktoba 2016 akajisalimisha tena, akapokewa kwa shangwe ambayo wengi tuliitazama bila kuielewa.

Ndugu zetu wadogo wanaona haya yote. Wanamwona aliyeshika kalamu akikaa chini ya mwembe msimu baada ya msimu, na wanasikia ya aliyeshika bunduki. Katiba, kifungu cha 190, inamkataza yeyote kuunda kundi lenye silaha, na inasema kufanya hivyo ni uhaini mkubwa. Ni vizuri. Lakini njia ya haki ikiwa haina mwisho unaoonekana, wa kumzuia kijana asiifuate ile nyingine ni mama yake tu, na mama naye huchoka.

Hatutaki mfikiri kwamba tumekaa tukipiga miayo. Alfajiri tunakimbia kwenye barabara ya vumbi, kwa sababu siku ya mtihani wa mwili hakuna atakayeuliza ulingoja muda gani. Wengine wanalima muhogo na mahindi, wengine wanauza yunite za simu au kuendesha pikipiki ya mtu. Wawili watatu wamekubali kufundisha shule za msingi wakiwa wale tunaowaita NU, walimu wapya ambao bado hawajaandikwa kwenye lista ya mishahara. Yaani wametoka foleni moja wakaingia nyingine. Jioni tunakutana, anayejua hesabu anamfundisha asiyejua, na tuna likelemba yetu ndogo, yaani mchango wa zamu, ambayo pesa zake zinalipia vyeti.

Vyeti ndivyo vinavyotumaliza. Cheti cha mahakama kinachoonyesha kwamba hujawahi kuhukumiwa, cheti cha mwenendo mwema, cheti cha daktari: kila kimoja kina bei yake rasmi na bei nyingine ya yule anayekiandika, na vyote huzeeka haraka. Baada ya miezi michache unaambiwa kalete kipya. Mmoja wetu ameshalipia cheti kile kile mara tatu. Mara ya tatu aliuza mbuzi wa bibi yake, na bibi aliuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake: hao wakubwa wanafikiri wewe umeiba nini tangu mwaka jana?

Halafu wapo watu waliotambua kwamba tunangoja. Mtu anayengoja hunusika kutoka mbali. Huja mmoja amevaa vizuri, anasema ana ndugu Kinshasa, dosie yako ameiona kwa macho, imebaki matabishi kidogo isogee. Wapo waliotoa. Tunaona aibu kuyaandika haya, lakini tukiyaficha mtadhani kimya cha ofisi hakimgharimu mtu kitu.

Wasichana wetu wameomba wapewe aya yao wenyewe, nayo ni hii. Mvulana akingoja huitwa mvumilivu. Msichana akingoja huulizwa kila Jumapili ana kasoro gani mpaka haolewi. Kuna aliyewajibu wajomba wawili waliokuja na habari za posa kwamba anangoja jeshi, nao wakacheka wakamwambia jeshi halilipi mahari. Katiba, kifungu cha 14, inaipa serikali wajibu wa kuhakikisha mwanamke anapata nafasi yake katika taasisi za taifa. Nafasi hiyo huanzia kwenye jibu la barua.

Na kuna suala la umri, ambalo ndilo kisu chenyewe. Maombi ya uofisa yana umri wa mwisho. Kijana aliyetoa dosie akiwa ndani ya umri huo anaweza kuitwa akiwa ameuvuka, kisha akaambiwa samahani, umezeeka. Amezeekea wapi? Kwenye kabati lenu.

Tuseme pia jambo ambalo wengi wanalisema sokoni kwa hasira, sisi tutalisema kwa upole. Tangu mwaka 2020 vijana waliokuwa kuluna, yaani magenge ya mtaani, huko Kinshasa wamekuwa wakiletwa Kaniama-Kasese, ndani ya jimbo letu hili hili, chini ya Service National, wakajifunza kulima, kushona na kujenga. Hatuwaonei wivu, na mahindi yao tumeyala. Ila tunauliza: ikiwa serikali iliweza kumchukua kijana wa panga mtaani, ikamsafirisha katikati ya nchi, ikamwandikia jina na kumpa ratiba ya siku, inashindwaje kumwandikia barua ya mistari miwili kijana wa Kamina ambaye hajamkata mtu?

Tusieleweke vibaya: hatuombi kukusanywa ovyo. Mwaka 2014 huko Kotakoli zaidi ya watu 100, wapiganaji wa zamani pamoja na wake na watoto wao, walikufa kwa njaa na magonjwa wakiwa kambini wakingoja mpango wao ukamilike. Waliletwa kabla ya chakula na dawa kuandaliwa. Kwa hiyo tunajua kwamba kungoja nyumbani kwa mama ni bora kuliko kungoja kambini bila sufuria. Ikiwa sababu ya kimya ni kwamba vitanda havitoshi au fedha za mafunzo hazijatoka, tuambiwe hivyo. Tutaelewa upesi kuliko mnavyodhani, sisi ni watoto wa nchi hii.

Basi, Waheshimiwa, haya ndiyo tunayotaka myafikishe Kinshasa kwa niaba yetu.

Kila anayetoa dosie apewe risiti yenye namba, tarehe na muhuri. Hili halihitaji bajeti. Linahitaji kitabu cha risiti. Bila risiti sisi hatuna hata uthibitisho kwamba tuliomba, na anayetaka kulipoteza jina lako halazimiki kulitafuta.

Tarehe ya jibu itangazwe siku ile ile maombi yanapofunguliwa, na jibu liwe la kila mtu, aliyepita na asiyepita. Lista zibandikwe Kamina, Bukama, Kabongo, Kaniama na Malemba-Nkulu, zisomwe na redio za hapa. Mkisema ni kazi kubwa, tutawakumbusha kwamba matokeo ya Examen d'État ya nchi nzima tunayapata kwa ujumbe wa simu. Simu hizo hizo bado tunazo, na namba tuliziandika kwenye dosie.

Umri uhesabiwe kwa siku ya kutoa dosie. Juu ya hili hatuna maelezo marefu, na hatuoni la kujadiliana.

Vyeti vinavyozeeka viombwe mwishoni, kwa waliokwisha kuchaguliwa tu, na kipimo cha daktari kifanyike mara moja, hapa Kamina. Treni ya Lubumbashi ni kilomita zipatazo 600, na kila mwenye kuijua reli yetu anajua kwamba tarehe ya kuondoka si ahadi ya tarehe ya kufika. Kumtuma kijana safari hiyo kwa pesa zake ili akapimwe kifua, kisha arudi kungoja tena, ni kumchuja kwa mfuko wa baba yake.

Itangazwe wazi, kwa Kiswahili na kwa Kiluba, kwamba maombi hayalipiwi, na itajwe ni mahali gani mtu apeleke malalamiko akidaiwa pesa.

Mwisho ni hesabu. Katiba, kifungu cha 189, inataka nafasi za jeshi katika ngazi zote zitolewe kwa kuangalia uzima wa mwili, elimu ya kutosha, maadili yaliyothibitika na uwakilishi wa haki wa majimbo. Tunaomba kila msimu wa uandikishaji idadi ya waliochukuliwa kutoka kila jimbo itolewe hadharani. Ikiwa Haut-Lomami imepata haki yake, tutanyamaza. Ikiwa haikupata, ninyi mliochaguliwa kutuwakilisha mtakuwa na la kusema bungeni.

Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 63, inasema kuilinda nchi ni haki ya kila Mkongomani na ni wajibu mtakatifu. Tumejitokeza kwa yote mawili. Na kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani ruhusa ya kuiandikia mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wenzake, na kinaitaka mamlaka hiyo ijibu ndani ya miezi mitatu.

Risala hii tumeileta kwa nakala mbili. Moja ni yenu. Ya pili tunaomba ipigwe muhuri na kuandikwa tarehe mbele yetu, kisha turudishiwe. Miezi mitatu tutaihesabu kuanzia tarehe hiyo.

Vijana waombaji, Kamina