Tarakilishi Haijaifunga Maabara

Kuna wenzetu humu shuleni wanaoeneza kasumba kwamba maabara ya Kemia imepitwa na wakati. Eti tarakilishi ikiulizwa itajibu kila kitu, ya nini kujiunguza vidole? Mimi nakataa katakata.

Mtazameni fundi wa redio. Lehemu yake ya siku zote ni mchanganyiko wa bati na risasi. Risasi peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, bati kwenye 232. Ungedhani mchanganyiko utayeyuka hapo katikati. Wapi! Bati ikiwa asilimia 62 hivi, huyeyuka kwenye nyuzi 183. Mchoro unaofichua siri hiyo, yaani kwa kipimo gani na joto gani kitu huwa yabisi au kiowevu, ndio uitwao mchoro wa hali. Watu waliupata kwa kuyeyusha na kupima, kuyeyusha na kupima.

Shida ni wingi. Metali 70 zikichanganywa tatu tatu, kuna makundi 54,740. Nani atayamaliza? Ndiyo maana mwaka wa 1970 Larry Kaufman na Harold Bernstein walichapisha kitabu kuhusu kuikokotoa michoro hiyo kwa tarakilishi. Mwaka wa 2023 nao Google DeepMind wakatangaza programu iliyojifunza kwa mifano, ikabashiri fuwele thabiti 380,000. Si mambo madogo hayo, nami nayapigia makofi.

Lakini pole pole. Uthabiti huo ulikokotolewa kana kwamba vitu viko kwenye sifuri ya Kelvini, baridi isiyo na mfano, ilhali fundi wetu ameshika chuma cha moto! Mwaka huohuo maabara moja ya Berkeley, Marekani, ilisema roboti zake zimetengeneza vitu vipya 41 kwa siku 17. Wanakemia wengine wakavipitia vipimo, na mwaka wa 2024 wakaandika kwamba hawakuona hata kimoja kipya. Vingi, walisema, vilikuwa vikijulikana kitambo.

Mashine hufunzwa kwa vipimo na mahesabu ya watu. Tukiacha kupima, itafunzwa na nani? Kwa hivyo, walimu wetu wapendwa, kipindi cha maabara kisiguswe. Barafu na chumvi si vitu ghali. Changanya, tia kipimajoto, utakiona kikishuka chini ya sifuri; ukibahatisha kipimo cha chumvi kitakaribia nyuzi 21 chini yake. Chora mchoro wako mwenyewe, kisha uiulize tarakilishi imepata ngapi.