Bei ya Pikipiki Haitoki kwa Meseji za Fundi

Una Honda CG125 ya zamani. Umeipaka rangi upya, ukabadilisha tangi, kiti na usukani, na sasa unataka kuiuza. Wengi hufungua meseji za malipo kwenye simu, wanajumlisha yote waliyomtumia fundi, basi hiyo ndiyo bei. Sisi tunaona hapo ndipo mambo huharibika.

Meseji hizo zinaonyesha ulichotumia, si atakacholipa mnunuzi. Injini iliyotengenezwa vizuri, breki na tairi mpya, hizo mtu atazilipia. Lakini rangi na kiti ulichagua wewe. Mwingine anahesabu gharama ya kuvirudisha vilivyokuwa. Ndiyo maana tunasema usitupe vipuri vya kiwanda. Tangi la kwanza likiwa bado stoo, hata anayetaka pikipiki ya asili atakusikiliza.

Anza na bei ya CG ya umri huo ambayo haijaguswa, ile iliyouzwa kweli, si ile iliyotangazwa tu. Ongeza kazi ya injini. Kwa urembo, ongeza kidogo. Kisha toa logibuku: kama namba ya injini hailingani, bei inashuka hata pikipiki ing'ae vipi.

Mkishaelewana, usianzishe uhamisho wa umiliki kwenye eCitizen kabla hujaangalia salio lako mwenyewe. Meseji ya kuonyesha pesa imeingia inaweza kughushiwa, na pikipiki ikishaondoka, kuipata tena ni kazi.