Kumpa Mgonjwa Moyo si Maneno Tu

Tukienda kumtazama mgonjwa, neno letu la kwanza ni pole, na la pili ni "Jipe moyo." Maneno hayo ni mema, nami siyalaumu. Lakini tangu mama yangu aliposhikwa na saratani ya titi nimeyafikiri sana, na leo nataka kuwapa wanafunzi wenzangu maoni yangu.

Mama aliona uvimbe mdogo alipokuwa akioga. Haukumwuma, kwa hiyo aliunyamazia miezi minne. Wazee husema, mficha maradhi kilio kitamfichua. Mwisho alikwenda Kampala, akakatwa kipande kidogo cha nyama kikatazamwa kwa darubini, akaambiwa kuwa ni saratani. Tulirudi nyumbani kwa basi, wala hapana aliyesema neno.

Kisha wakaja wageni. Kila mmoja alimwambia acheke, kwa kuwa eti mwenye huzuni hufa upesi. Siku moja, baada ya dawa ya tatu, nywele zimekwisha na chakula hakikai tumboni, mama alilia. Jirani akamkemea: "Ukilia utaupa ugonjwa nguvu!" Tangu siku ile mama akawa analia jikoni usiku, ili tusimwone. Hapo niliona kosa letu. Mgonjwa alikuwa na mzigo mmoja, nasi tulimtwika wa pili: kucheka ili sisi tupate raha.

Je, ni kweli kilio huongeza saratani? Mwaka 2007 wataalamu wa Marekani walitangaza uchunguzi wao juu ya wagonjwa zaidi ya 1,000 wa saratani ya kichwa na shingo. Waliona ya kuwa wenye moyo mkunjufu hawakuishi zaidi kuliko wenye huzuni. Basi mwenye kulia hajiui, wala aliyekufa asisemwe kwamba alikosa ujasiri. Mwaka 2016 mashine ya mionzi iliyokuwa peke yake katika Uganda iliharibika, na mpya ilifunguliwa rasmi Januari 2018. Wagonjwa waliongojea hawakukosa moyo, walikosa mashine.

Mtu ataniuliza, "Basi matumaini yana kazi gani?" Yana kazi kubwa. Matumaini humwondosha mtu kitandani akapande basi siku ya dawa, hali ajua ya kuwa jioni atatapika. Saratani ya titi ikionekana mapema na matibabu yakatimizwa, wengi hupona. Aliyekata tamaa huacha dawa katikati, na uvimbe hugeuka kidonda.

Lakini matumaini hayo hayaletwi kwa kukemea. Huletwa kwa kazi. Baada ya mama kupasuliwa, dada yangu alishika kazi ya kuchota maji, ili mkono wa upande ule usibebe mzigo. Baba alikwenda naye hospitali kila mara, hakumwacha aende peke yake. Mimi niliandika tarehe zake zote katika daftari, nikapika uji. Tena jioni moja nilimwambia, "Mama, lia tu." Akalia sana, nami nimemshika mkono. Aliponyamaza alipangusa macho, akaniuliza kama nimewafungia kuku. Nilikuwa nimesahau. Tukacheka sote wawili, na kicheko kile hakuna aliyemlazimisha.

Sasa mama amemaliza matibabu, naye hurudi kupimwa kila anapoitwa. Ya mbele hatuyajui, lakini hatumfichi machozi yetu, wala yeye hatufichi yake.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mama au dada akikuambia ameona uvimbe, au ngozi ya titi imebonyea, au chuchu yatoa damu, usimwambie, "Jipe moyo, ni kitu kidogo." Uvimbe mwingi si saratani, lakini mpimaji ndiye ajuaye. Mwambie, "Kesho twende hospitali, nitakusindikiza." Huko ndiko kumpa mtu moyo.