Ufunguo wa Bomba Usigeuzwe Hongo

Katika zama za misafara, mtu aliyetoka Bagamoyo kwenda Tabora, na kutoka Tabora kuelekea Ujiji, alijua fika kwamba safari yake haikutegemea bunduki wala mizigo ya nguo na shanga tu, bali maji. Ugogo ilikuwa nchi kavu, na mwenye kisima ndiye aliyekuwa mwenye njia. Hongo ililipwa kwanza, ndipo watu wakanywa. Mbele yake ilimngoja Mgunda Mkali, nyika isiyo na huruma. Hata hivyo hatuwalaumu watemi wa Ugogo. Nchi ilikuwa yao, nao wageni walikuwa wapita njia.

Hongo tunayoizungumzia leo haina udhuru huo. Ni ile inayotozwa ndani ya majumba ya ghorofa, ambamo mkaaji si mpita njia hata kidogo: ana mkataba wa miaka mingi, na fedha yake ameshaitoa. Lakini ufunguo wa chumba cha pampu uko mfukoni mwa mtu mmoja. Wakihitilafiana juu ya mchango wa taa za ngazini, koki hufungwa. Na mlango wa darini, liliko tangi, hutiwa kufuli.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanayafahamu maisha ya ghorofa kuliko wengi, kwani majumba ya Michenzani yamesimama tangu miaka ya 1970, na mengine ya namna hiyo yako Wete, Chake Chake na Mkoani. Tabora kwa sehemu kubwa bado ni mji wa nyumba za chini. Lakini hata tembe la Kwihara, alimokaa Livingstone mwaka 1872, lilikuwa vyumba vingi vilivyozunguka ua mmoja. Chumba bila ya ua hakikuwa makazi. Kadhalika fleti bila ya ngazi, maji na karo ni kizimba kilichoning'inizwa hewani.

Sheria imekwisha kuliona jambo hili. Tanzania Bara ilitunga Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo mwaka 2008, na Zanzibar ikatunga yake mwaka 2010. Zote mbili zinatambua kwamba anayemiliki sehemu yake ana fungu pia katika vile vinavyotumiwa na wote. Fungu hilo si hisani ya mwenyekiti wa jengo.

Wapo, kwa hakika, wakaaji wasiolipa kwa makusudi. Wa chini husema taa ya juu haimhusu, wa juu husema karo halimhusu, na wote wawili huoga kwa jasho la jirani. Huo ni unyonyaji, nasi hatuutetei. Lakini deni lina mahali pake pa kudaiwa: Bara kuna Mabaraza ya Ardhi na Nyumba, Zanzibar kuna Mahakama ya Ardhi. Koki ikifungwa, mdaiwa mwenyewe yuko kazini. Anayepanda ngazi na dumu kichwani ni mkewe, au mzee wa ghorofa ya nne. Na pale jengo zima linapotumia mita moja, kiu humpata hata aliyelipa.

Kwa hiyo tunazitaka mamlaka za maji, za Bara na za Visiwani, zifunge mita kwa kila fleti. Tabora, iliyokwisha kufikiwa na maji ya Ziwa Viktoria, inaweza kuanza vyema tangu kwenye michoro, kabla ghorofa hazijaota. Maofisa wa ardhi nao wasipokee mkataba usiotaja kwa majina ngazi, dari, tangi na karo, na nani atashika funguo zake. Hesabu za michango zibandikwe ukutani mlangoni, mahali anapopita kila mtu, si katika daftari la nyumbani kwa mweka hazina.