MAMBO YA WANYAMA: Twiga na Migunga ya Nakuru

Wasomaji wetu wakaao Nakuru wamezoea kusikia mbuga ya ziwa lao ikisifiwa kwa ajili ya heroe. Leo twapenda kueleza habari za nchi kavu iliyo kando ya maji, yaani majani na msitu wa migunga yenye magome ya manjano.

Mahali hapo palitengwa kuwa makao ya ndege mwaka 1960, na mwaka 1968 pakafanywa mbuga ya taifa. Katika miaka ya 1970 waliletwa twiga wa Rothschild kutoka Soy, upande wa Eldoret, kwa kuwa nchi ile ilikuwa ikigawiwa wakulima. Kisha, katika miaka ya 1980, mbuga yote ilizungushiwa waya wa umeme ili vifaru walindwe na majangili. Jirani mwenye mahindi alifurahi, na alikuwa na haki, maana nyati wakiingia shambani usiku mmoja huharibu chakula cha mwaka.

Lakini waya umzuiao mnyama kuingia shambani humzuia pia kuhama. Mfugaji yeyote ajua kwamba majani yakiisha, ng'ombe huhamishwa. Twiga wa Nakuru hana pa kuhamia. Huchuna magome ya migunga, na mti uliochunwa pande zote hufa, kwa sababu chakula cha mizizi hushuka kwa njia ya gome. Tena simba wamo ndani ya waya ule ule, na ndama wa twiga hawana pa kukimbilia.

Kadhalika, tangu mwaka 2010 hivi maji yamepanda. Mbuga nzima ni kilometa za mraba 188 tu, na ziwa lililokuwa na 40 hivi limepata kupita 60. Lango kuu liliingiliwa na maji, na migunga ya ufukoni ikafa imesimama. Malisho ya kuro na punda milia yamepungua.

Wako wasemao, Basi wapelekwe kwingine. Si kazi nyepesi. Mwaka 2018 vifaru weusi 11 kutoka mbuga za Nairobi na Nakuru walipelekwa Tsavo Mashariki. Maji ya huko yalikuwa na chumvi. Walivyozidi kunywa ndivyo kiu ilivyozidi, na wote wakafa, mmoja wao baada ya kushambuliwa na simba. Na twiga ana taabu yake mwenyewe, maana husafirishwa akiwa amesimama, na njiani mna madaraja na nyaya za umeme.