Joto la Kadi na Mahali pa Plagi

Katika mitaa ya Mbagala, Tandika, Mwananyamala na Kinondoni si ajabu siku hizi kukuta chumba cha mbele cha nyumba kimegeuzwa kuwa mahali pa kuhariri filamu na video za muziki, au pa kuchezea michezo ya kompyuta kwa malipo. Kifaa chenye thamani kuliko vyote chumbani humo aghalabu ni kadi ya michoro, yaani ile sehemu ya kompyuta ifanyayo hesabu zote za picha. Mwenye chumba huinunua kwa akiba ya miezi mingi, pengine ikiwa imekwisha kutumika ng'ambo. Anapoichagua huuliza ina kumbukumbu kiasi gani, na feni zake ni mbili au tatu. Ni nadra kuuliza hewa ya moto itatokea wapi, na plagi ya umeme imewekwa upande gani. Hayo mawili ndiyo yaliyopasa kuulizwa kwanza.

Feni haitengenezi ubaridi. Kazi yake ni kusukuma hewa ipite katikati ya mapezi ya alumini, ichukue joto, iondoke nalo. Ikiwa kadi inatumia wati 300, karibu zote hugeuka kuwa joto. Na ili hewa ichukue joto hilo bila kupanda zaidi ya nyuzi 10, zahitajika lita 25 hivi za hewa kila sekunde. Kadi ambayo kiini chake huzidi joto la hewa iingiayo kwa nyuzi 45 itasimama kwenye nyuzi 67 katika chumba cha nyuzi 22, ambacho ndicho chumba alichokifikiria mbunifu. Kadi hiyo hiyo ikiletwa Temeke wakati wa Kaskazi, hewa ya kivulini ikiwa nyuzi 32 na chini ya bati nyuzi 38, itafikia 83. Kadi nyingi za NVIDIA zimewekewa kuanza kujipunguzia mwendo zikaribiapo kiwango hicho. Mteja amelipia mwendo asioupata.

Mambo huwa mabaya zaidi chumba kikifungwa ili kelele na vumbi visiingie. Chumba cha meta 3 kwa 3 kwa 3 kina hewa ya kilo 32 hivi. Kompyuta tano zenye kadi za wati 300 zingeipandisha hewa hiyo nyuzi moja kwa muda usiofika sekunde 25, kama kuta na paa zisingenyonya sehemu ya joto. Feni ya tatu juu ya kadi haisaidii kitu hapo. Huzungusha moto ule ule.

Wajenzi wa nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku na ua nyuma, walilijua jambo hili: upepo uingiao mlango wa mbele sharti upate mlango wa uani. Kasha la kompyuta lahitaji ukumbi wa namna hiyo. Kadi zenye feni mbili au tatu za wazi hutupa sehemu kubwa ya joto lao ndani ya kasha na kuliachia kasha kazi ya kulitoa. Zipo nyingine zenye feni moja ya kupuliza, ambazo husukuma hewa moja kwa moja hadi nje kupitia nyuma. Hizi hudharauliwa kwa sababu zina kelele, na ni kweli zinayo. Lakini katika kasha dogo la ofisi lililonunuliwa Kariakoo, kelele ni gharama ndogo.

Plagi nayo ina habari yake. Wati 600 zikichukuliwa kutoka soketi ya ukutani ya volti 230 ni mkondo wa ampea 2.6 tu. Wati hizo hizo kwa volti 12, ambazo ndizo zifikazo kwenye kadi, ni ampea 50. Plagi ya zamani ya pini 8 iliruhusiwa wati 150 kwa pini tatu za kuleta umeme, yaani ampea 4.2 kwa kila pini. Mwaka 2022 ililetwa plagi ndogo iitwayo 12VHPWR, iliyoruhusiwa wati 600 kwa pini sita za kuleta umeme: ampea 8.3 kwa kila moja, ilhali kikomo chake ni 9.5. Akiba iliyoachwa ni kidogo mno. Aidha, katika kadi nyingi za kizazi hicho njia zote sita huungana mara tu zinapoingia, hata kadi haina namna ya kujua kwamba pini moja imelemewa.

Oktoba 2022 zilianza kuonekana plagi zilizoyeyuka kwenye kadi za RTX 4090. Mwezi uliofuata NVIDIA ilieleza kuwa taarifa zilizoifikia zilikuwa 50 hivi duniani kote, na kwamba sababu ya kawaida ilikuwa plagi kutoingizwa hadi mwisho. Mwaka 2023 pini ndogo za ishara zilifupishwa ili plagi isiyoingia sawasawa isiruhusu umeme mwingi. Hata hivyo mwaka 2025, ilipotoka RTX 5090 ya wati 575, plagi ziliyeyuka tena, na kipimo kimoja kilionyesha waya mmoja ukibeba zaidi ya ampea 20.

Kumlaumu mtumiaji ni rahisi. Plagi ya pini tatu iliyomo katika kila nyumba ya Dar es Salaam, ambayo kiwango chake kilitolewa Uingereza mwaka 1947, ilibuniwa kwa dhana kwamba mkono wa mtu utakosea: pini ya ardhi ni ndefu zaidi ili itangulie kuingia na kufungua vifuniko vya matundu mengine, na ndani yake mna fyuzi. Plagi ya kadi haina fyuzi ndani yake, na imewekwa mahali panapomshinikiza mtu akosee. Aghalabu huwa kwenye ukingo unaotazama ubavu wa kasha. Watengenezaji wa waya hushauri usipindwe kabla ya milimita 35. RTX 4090 ya NVIDIA yenyewe ina kimo cha milimita 137. Jumla yapita 170, na makasha mengi ya zamani hayana nafasi hiyo. Kifuniko kikifungwa, hukandamiza waya, na plagi huinama kidogo kidogo.

Kadi nyingi za ofisi za uhandisi, mathalani RTX A6000, zina plagi mkiani, ambako waya hutoka umenyooka. Hapana sababu ya kifizikia inayozuia kadi za kawaida zisifanywe hivyo, ila urefu kidogo. Kwa sasa mnunuzi wa Temeke atafaidika zaidi na kadi ya wati 200 kuliko ya 450, au kwa kuipunguzia kubwa mgao wake wa umeme kwa programu: hupotea sehemu ndogo ya mwendo, na mkondo ukipungua nusu, joto la kiungo hushuka hadi robo.

Mwalimu wa fizikia hahitaji kadi ya bei ghali kulionyesha hilo. Betri ya bodaboda ni ya volti 12, na taa yake ya wati 35 huvuta ampea 3 hivi. Voltmita iwekwe sambamba na kiungo cha waya, kwanza kikiwa safi na kimekazwa, kisha kikiwa na kutu na kimelegea. Volti zitakazosomwa, zikizidishwa kwa ampea 3, ndizo wati zinazopotelea pale. Kisha darasa likokotoe ingekuwaje kama kiungo hicho hicho kingepitisha ampea 20. Jibu ni zaidi ya mara 44.